Seiko 5 ya Zamani: "Orijino Kila Kitu"? Tuifungue

Haya, karibuni tena. Leo mezani kuna saa ya mkono, Seiko 5 otomatiki, yaani inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, na mashine yake ya ndani ni ya 7009. Muuzaji anaapa ni orijino kila kitu. Sawa, tuivue nguo tuone.

Tuanze mgongoni. Naisogeza kwenye kamera. Hizi tarakimu nne za mwanzo, 7009, ni za mashine. Nne zinazofuata ni za kasha. Halafu kuna namba nyingine hii inayoanza na 57. Tano ni mwaka, saba ni mwezi, yaani Julai. Ingekuwa Novemba ungeona herufi N, Desemba D. Muongo haitaji, ila mashine hizi zilitamba miaka ya 1980, kwa hiyo mimi nasoma Julai 1985.

Nafungua. Kwenye kile chuma cha nusu duara kinachozunguka pameandikwa 7009A, na vito 17, yaani vijiwe vya kupunguza msuguano ndani ya mashine. Imeoana na mgongo. Lakini usishangilie mapema, maana chuma hicho fundi anaweza kukitoa saa nyingine akakifunga hapa. Angalieni na skrubu: hazijachunwa vichwa. Mashine naipitisha.

Sasa uso, na hapa ndipo kwenye kesi. Rangi ya chungwa inawaka utadhani imetoka dukani asubuhi. Chini kabisa, pale kwenye sita, panatakiwa maandishi madogo sana: Japan, na namba inayoanza na 7009. Hapa kuna Japan peke yake, tena wino umevimba. Namba hakuna. Vuta picha kwenye ile nembo ya 5... mnaona? Rangi imepanda ukingoni. Uso huu umepakwa upya, hauna mjadala. Saa za namna hii hutoka kwa wingi India, na wakusanyaji huziita "Mumbai Special".

Ila namba ya usoni ikiwepo, msidai ifanane yote na ya mgongoni. Zile nne za mwanzo ndizo zikubaliane. Watu wanakataa saa nzuri kwa kutojua hilo.

Mishale nayo inaumbua. Ile dawa ya kung'aa gizani kwenye mishale imegeuka manjano, kwenye uso ni nyeupe pee. Havikuzeeka pamoja hivi.

Siku kuandikwa kwa Kiarabu si kosa. Seiko waliweka lugha kulingana na soko, na hii ilikwenda Uarabuni. Kioo kipya na mkanda wa mtaani pia siviwekei neno. Hivyo huchakaa, lazima vibadilishwe.

Kwa hiyo? Ya kuvaa, chukua, kwa bei ya mtumba. Kwa bei ya orijino, mrudishie mwenyewe. Na ukinunua mtandaoni, dai picha ya mashine na ya uso pale kwenye sita kabla hujatuma hela.