Sakoshi ya mawese na koti la biki: uzoefu wangu na fundi wa kupaka ngozi rangi, mtaa wa Birere, Goma

Kitu cha kwanza alichonifanyia huyu fundi ni kunirudishia mkanda wangu. Aliupinda, akachungulia mahali ulipopasuka, akanionyesha kitambaa cheupe kilichojificha chini ya rangi. "Haiko ngozi, Mama. Iko simili, ngozi ya bandia. Nikiipaka, leo itapendeza, kesho itabanduka." Mkanda huo niliuziwa dola 7 kwa jina la ngozi halisi, na mimi ni mwalimu wa kemia hapa Goma. Niliukunja nikautia mfukoni bila kusema neno. Lakini hapohapo niliamua kumwachia vile vingine viwili.

Cha kwanza ni koti la mitumba la rangi ya karameli, lenye mstari wa wino wa biki kwenye mfuko wa kifua na ukosi uliokoza kwa jasho la mtu aliyelivaa kabla yangu, popote alipo. Cha pili ni sakoshi, mkoba wa ngozi, niliyoletewa na dada yangu kutoka Kampala. Hiyo ina historia. Ilikuwa begani mwangu mwezi wa 5 mwaka 2021, tulipoambiwa tuhame mji baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, tukafuata njia ya Sake na watoto. Ikanyeshewa, ikaota ukungu, ikapona. Iliyoishinda ni bido, dumu la mawese. Nilitoka soko la Virunga kwa moto, yaani pikipiki, bido imebanwa katikati yangu na motari, tukaruka kwenye mawe, kizibo kikalegea. Kufika nyumbani, upande mzima wa sakoshi ulikuwa mwekundu kama mchuzi wa sherehe.

Mafundi wa rangi nawaogopa, na nina sababu. Koti langu la zamani, jeusi, niliwahi kulipeleka kwa kijana mmoja wa barabarani, akalipaka siraje ya maji, ile ya kung'arisha viatu, na kuniambia ni rangi. Liling'aa kweli. Jumapili mvua ikanikuta njiani kwenda kanisani, na niliposhuka kwenye moto mgongo wa yule motari, juu ya jile yake, kizibao cha njano, ulikuwa na umbo la kifua changu. "Mama, umenipaka makaa." Nilimlipa mara mbili ya nauli, nikaingia kanisani na shati lenye mistari.

Huyu wa Birere ni papa wa makamo, ana kibanda cha mbao na turubai, meza moja na chupa nyingi. Hakuanza na bei. Alidondosha tone la maji chini ya sakoshi, mahali pasipoonekana, akangoja. Tone likazama, likaacha alama nyeusi. Akafanya vilevile ndani ya pindo la koti. Tone likakaa juu kama umande kwenye jani la mgomba. "Hii inakunywa, hii hainywi," akasema. Maana yake ni kwamba ngozi ya sakoshi ilitiwa rangi ikapenya hadi ndani na haikufunikwa na kitu, wakati koti limepakwa utando mwembamba wa rangi juu, kama ukuta. Doa likianguka kwenye koti lina nafasi ya kubaki juu ya utando. Kwenye sakoshi linazama mara moja.

Akaniuliza nilishafanya nini. Nikakiri: siku ileile nilisugua kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za msiba. Sabuni ya kufulia ina alkali, ngozi iliyotengenezwa ina asidi kidogo, pH 4 hivi. Sabuni inaondoa mafuta yanayolainisha nyuzi zake, na maji ya moto yanazikunja. Haya naandika ubaoni kila mwaka. Nyumbani, mbele ya doa, niliyasahau yote.

Dawa yake ya mawese ilikuwa unga wa muhogo. Mkavu, mwingi, unafunika doa lote, unalala nao usiku, asubuhi unapanguswa kwa brashi laini na kuwekwa mwingine. Mara tatu. Aliniachia kazi hiyo niifanye mwenyewe nyumbani, bure, akisema hatanitoza pesa kwa kulala usingizi wangu. Kila asubuhi unga ulikuwa wa njano, siku ya tatu njano hafifu. Kama ningefanya hivyo saa ile ya kwanza badala ya kukimbilia beseni, huenda nisingemhitaji fundi. Kilichobaki ni kivuli kikubwa kama kiganja.

Hapo tukabishana. Nilitaka sakoshi irudie rangi yake ya zamani. Akakataa katakata: ngozi inayokunywa ni kama chai, unaweza kuikoleza, huwezi kuirudisha kuwa maji. Rangi ya kupenya haifuniki kivuli, kinaonekana bado chini yake, kwa hiyo lazima yote iende kwenye giza la kukitosha kile kivuli. Tukakubaliana rangi ya kahawa iliyokaangwa. Nilinuna kidogo, nakubali.

Nilikaa nikamtazama akianza. Alipangusa nta na uchafu kwa alkoli, akapitisha msasa laini sana kwa mkono mwepesi, akapaka rangi kwa kitambaa akizungusha, tabaka jembamba, akaiacha ikauke kivulini. Kisha nyingine, kisha nyingine. Kazi kubwa inakuja baadaye: kusugua kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kitoke safi. Yule kijana wa siraje hakuijua hatua hiyo, au aliijua akaona ni jasho la bure. Mwisho ni mafuta kidogo ya kulainisha, na verni, yaani vanishi, ya kufunga.

Koti lilimshinda kwa upande mmoja. Biki aliijaribu kwa pamba iliyolowa alkoli kidogo, akigusagusa kutoka nje ya mstari kwenda ndani ili wino usitambae. Pamba ikatoka na bluu kidogo, halafu ikaanza kutoka na karameli. Akasimama palepale: rangi ya koti ilikuwa inaondoka kabla ya wino. Basi akachanganya rangi ya kufunika, ile nzito ya juu, mpaka ikafanana, akaupaka ule mfuko. Kwa mbali huoni kitu. Kwenye jua kali, mtu akiwa karibu sana, ataona mfuko mmoja ni mpya kuliko mwingine. Ukosi ulisafishika vizuri, kwa sabuni laini na kitambaa kilichokamuliwa.

Nisiache hili. Juu ya rafu ana kopo la siki lenye misumari ya kutu. Alichovya kijiti, akagusa kipande cha ngozi iliyolainishwa kwa maganda ya miti, na mbele ya macho yangu ikageuka nyeusi, bila rangi yoyote. Chuma kinakutana na tanini iliyotoka kwenye maganda hayo. Ndivyo hata wino wa zamani wa kuandikia ulivyotengenezwa. Akagusa kipande kingine, cha ngozi ya kiwandani iliyotengenezwa kwa kromu, hakuna kilichotokea. Nilimwomba vipande viwili na tone la siki kwenye chupa ya dawa, na wanafunzi wangu wa mwaka wa tano hawajawahi kunisikiliza vile. Tangu siku hiyo haniiti Mama tena, ananiita Mwalimu.

Sasa malalamiko. Aliniahidi alhamisi, nikapata jumanne ya juma lililofuata. Alisema mvua, rangi haikauki, na ni kweli ilinyesha, lakini simu anayo. Nyuzi za sakoshi ni za plastiki, hazikushika rangi, kwa hiyo mishono imebaki myeupe kwenye ngozi ya kahawa. Wengine wanasema ni urembo. Mimi naiona kila siku. Mishikio ilinichafua viganja siku mbili za kwanza, nikarudi, akaisugua tena na kuongeza verni bila kudai kitu. Harufu ya alkoli ilikaa kabatini karibu wiki mbili.

Nililipa dola 10 kwa sakoshi na 12 kwa koti, baada ya kuanzia 30 kwa vyote. Ukiwa na kitu cha dola 15, usihangaike. Ni miezi minne sasa. Sakoshi imenyeshewa mara mbili, imepanda moto kila siku katika vumbi letu la mawe ya volkano linalokwaruza kama msasa, na shati langu bado ni jeupe. Kwenye mkunjo wa kifuniko rangi imeanza kupauka.

Viatu vya mume wangu vya dem, ngozi yenye vinyoya, vimefungwa kwenye gazeti chini ya kitanda. Fundi alivitazama, akapitisha kidole kwenye vile vinyoya, akasema hivyo nisimletee mpaka kiangazi.