Filamu mbili za baiskeli za kutazama nyumbani

Anza na A Sunday in Hell ya Jørgen Leth, kuhusu mbio za Paris–Roubaix za 1976, kaskazini mwa Ufaransa. Kamera ziko kwenye pikipiki, helikopta na kando ya barabara za mawe, hivyo unaona mbio zinavyoamuliwa: aliyebaki nyuma anameza vumbi, hawaoni waliochomoka, na pancha moja yatosha kumwangusha kabisa. Mabingwa wa baiskeli wa enzi hizo, Merckx, De Vlaeminck na Moser, wote wamo. Tumia skrini kubwa; kwenye simu namba za wakimbiaji hazisomeki. Mwanzo unakwenda taratibu, vumilia hadi mawe yaanze.

Rising from Ashes (2012) inafuata timu ya Rwanda chini ya kocha Jock Boyer, na Adrien Niyonshuti akielekea Olimpiki ya London. Mbinu za mbio ni chache, lakini inagusa sana.