Uzoefu wangu na viti vya okazi Lubumbashi: angalia kifungio cha kulazia kabla ya kitambaa

Kiti cha gari kikichanika kitambaa, unatia kava na unaendelea na safari. Mgongo wake ukianza kuachia wenyewe, gari hilo usilipeleke safari ya mji mwingine kama Likasi. Cha dereva kwenye gari langu, dogo la Kijapani lenye usukani wa kulia kama mengi ya hapa Lubumbashi, kilifika huko: tairi likiingia shimoni mgongo unarudi nyuma jino moja, pengine mawili, na ghafla usukani uko mbali na mikono. Nilibadilisha viti vyote viwili vya mbele kwa vya okazi, yaani vilivyokwisha kutumika, na nimevitumia vya kutosha kuweza kuvisemea.

Kifungio cha kulazia cha kiti cha zamani, yaani kile kinachoushika mgongo usilale wenyewe, nilimwomba fundi akifungue nione. Ubavuni mwa mgongo kuna bamba la chuma lenye meno ya gia, na kwenye fremu ya sehemu ya kukalia kuna ulimi wa chuma wenye meno machache. Ukivuta mshikio, ulimi unachomoka na springi iliyoviringwa inausukuma mgongo mbele. Ukiachia mshikio, kamu ndogo, kipande cha chuma kinachozunguka na kusukuma, inaurudisha ulimi ndani ya meno. Ndivyo kinavyotakiwa kufanya kazi. Kile changu kilikuwa wazi kabisa, na vumbi letu jekundu lilikuwa limechanganyika na girisi likawa uji mgumu. Ulimi haukuweza kuzama. Ulisimama jino juu ya jino, ncha kwa ncha. Aliyeketi anahisi kiti kimefunga, kumbe kimeshikiliwa na ukingo mwembamba wa chuma unaosubiri shimo linalofuata, na kila ukiteleza ncha zinalika zaidi. Ubaya mwingine ni kwamba kilikuwa kinafunga upande wa mlangoni tu. Upande wa ndani palikuwa na pini ya kuzungukia na basi, kwa hiyo mgongo wote ulikuwa umejipinda kidogo kuelekea kushoto.

Fundi alitaka njia fupi. "Papa, tuchomelee tu, itakuwa nguvu." Nilikataa, na ningekataa tena kesho. Meno yale yanatiwa ugumu kiwandani, na moto wa kuchomelea unalainisha chuma kilicho jirani nao. Halafu mgongo ukishachomelewa, kila anayeendesha anakaa kwa pembe aliyochaguliwa na mwingine. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi zinazotengeneza magari, inataka mgongo wa kiti uhimili nguvu ya kuupinda kwenda nyuma ya nyutoni-mita 530. Ni sawa na kutundika kilo 54 kwenye ncha ya nondo ya mita moja, upande wa pili ukiwa umebanwa. Uchomeleaji wa garaji haujapitishwa kwenye kipimo cha namna hiyo, na mtu anaketi mbele yake akiwa na watoto nyuma.

Viti nilivyopata kwa wauza vipuri wa komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, nililipia dola 120 vyote viwili, kazi ya kufunga ikiwa mbali. Kitambaa kimefifia, cha abiria kina doa kubwa. Lakini kifungio cha viti hivi ni cha mviringo, kisahani kilichozibwa pande zote: meno yako ndani ya duara, ndimi zinasukumwa nje kushika meno, na vumbi halina pa kuingilia kirahisi. Kuna kisahani kila upande, na fimbo inayopita ndani ya mgongo inaviunganisha, hivyo mshikio mmoja unafungua na kufunga vyote viwili kwa pamoja. Tofauti niliisikia hata kabla ya kutoka garaji. Ukiachia mshikio kinatoa mlio mmoja mkavu, na ukiusukuma mgongo kwa mabega hauchezi upande wowote.

Nimekwenda navyo hadi Kolwezi, karibu kilomita 300, na mgongo haukusogea. Kiuno changu kimepata nafuu ambayo kava na mito havikuwahi kunipa. Lawama ninazo pia. Springi ya cha dereva ni kali mno: ukivuta mshikio bila kuegemea, mgongo unakurukia. Na pembe zinakwenda kwa hatua, huwezi kupata ile iliyo katikati ya meno mawili. Shemeji yangu ana Golf ambayo mgongo unalazwa kwa kuzungusha kitufe cha duara; pale unapata pembe yoyote unayotaka na hakuna ulimi wa kuachia, ila kuulaza kabisa ni kazi ya mkono. Kwa mtu anayeendesha peke yake ningemshauri hicho cha kuzungusha. Gari langu linabadilisha madereva, mshikio unanifaa zaidi.

Abiria wa safari ndefu wameupenda mno uwezo wa kulala, na hapo nimekuwa mkali. Gari likitembea, mgongo hauinamishwi hadi chini. Mtu akilala hivyo, mkanda wa begani unabaki hewani mbali na kifua, na gari likigonga mwili unateleza chini ya mkanda wa kiunoni, ambao unapanda kukaza tumbo badala ya mifupa ya nyonga. Anayetaka kulala kweli asubiri tusimame.

Kwa anayetafuta viti sasa hivi: mwambie muuzaji akigeuze kiti chini juu. Vuta mshikio polepole na uangalie kama pande zote mbili zinaachia kwa wakati mmoja. Ukiona upande mmoja unachelewa, fimbo imepinda au kisahani kimekufa, kiache. Funga, kisha mtu mmoja akanyage fremu ya chini na wewe uvute kichwa cha mgongo kwa nguvu zako zote. Palipopakwa rangi mpya karibu na kisahani, kwaruza kwa funguo, maana rangi huficha alama za kuchomelea. Reli nazo zijaribu: ziteleze, zifunge kulia na kushoto, na matundu yake manne yalingane na ya sakafu ya gari lako bila kutoboa mapya. Kiti chenye soketi ya njano chini yake kina mfuko wa hewa (airbag) ubavuni, fundi atoe kwanza waya za betri na asiipime soketi hiyo kwa taa ya kupimia umeme. Na kiti cha kulia usikubali kifungwe kushoto kwa sababu tu kinapendeza: mshikio unakuja upande wa breki ya mkono, na klipu ya mkanda inabaki mlangoni, ambako mkanda wenyewe ndiko unakotokea.