TAHADHARI: Wauzaji wanaogeuza maji yako kuwa ya kahawia ili wakuuzie mashine ya kujazia jakuzi

Kuna wauzaji wanaowafuata watu walionunua jakuzi (beseni kubwa la maji moto lenye pampu) karibuni na kuwaambia kwamba maji ya nyumbani kwao hayafai kujazia. Kisha wanaonyesha "ushahidi" wa macho. Ushahidi huo ni kiini macho, na mashine wanayoiuza, ya kulainisha au kuchuja maji, inaweza kukuharibia hita. Soma hapa kabla hujasaini chochote.

Onyesho lenyewe huwa hivi. Glasi mbili mezani, moja ya maji ya bomba lako na nyingine ya maji aliyokuja nayo muuzaji. Anazamisha kifaa chenye vijiti vinne, viwili kila glasi, na kukichomeka kwenye umeme. Baada ya dakika moja au mbili maji yako yanaanza kuwa ya kijani, yanaingia ukahawia, na utandu wa tope unaelea juu. Yale yake yanabaki maangavu. Hapo ndipo anapouliza kama uko tayari kuwaogeshea watoto uchafu ule.

Uchafu ule haukuwemo kwenye maji. Katika kila jozi, kijiti kimoja ni cha chuma na kingine ni cha aluminiamu. Maji ya bomba yana chumvichumvi, kwa hiyo yanapitisha umeme, na umeme unamung'unya kile kijiti cha chuma. Unachokiona ni kutu ya kifaa chake. Maji yake yameondolewa madini, umeme haupiti, na ndiyo maana hakuna kinachomung'unyuka. Mwambie atie chumvi kidogo ya kupikia katika glasi yake arudie. Nayo itageuka tope. Akianza kutafuta sababu za kukataa, mfungulie mlango. (Usiguse glasi wala vijiti wakati kifaa kimechomekwa; ule ni umeme wa ukutani.)

Kuna na hila nyingine ndogo ndogo. Kipima TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji) kinaonyesha 300 na anakuambia ni sumu, wakati kifaa hicho kinapima tu jinsi maji yanavyopitisha umeme. Hakitambui vijidudu, hakitenganishi madini ya kalisi na ya risasi. Mwingine anadondosha dawa, maji yanageuka manjano. Hiyo ni dawa ya kupimia klorini, na klorini kidogo imewekwa makusudi kwenye maji ya bomba ili yasiote vijidudu njiani. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 5 kwa lita kwa maji ya kunywa.

Onyesho la sabuni ndilo linalokasirisha zaidi, kwa sababu ni la kweli lakini linatumika kinyume. Maji yaliyolainishwa hutoa povu jingi, ni kweli kabisa. Ila kwenye jakuzi povu ndiyo kero yenyewe. Mashine ya kulainisha huondoa kalisi na kuweka sodiamu mahali pake, ugumu wa maji (kiasi cha kalisi kilichomo) unashuka karibu na sifuri, ukiwasha pampu za hewa maji yanaumuka. Watengenezaji wengi wa jakuzi wanakataza kujazia maji ya namna hiyo. Maji ya mashine ya RO (ya kuchuja hadi madini yaondoke) nayo yana tatizo lake: hayana ualkali wa kuishikilia pH (kipimo cha asidi), hivyo dawa kidogo tu inaishusha, na maji yenye asidi hula vyuma vya hita na mipira ya pampu. Isitoshe, mashine ndogo ya RO ya jikoni hutoa kama lita 280 kwa siku. Jakuzi ya lita 1,200 itachukua zaidi ya siku nne kujaa.

Na akikuambia kifaa chake cha ozoni, mwanga wa UV au sumaku kitakuondolea haja ya klorini, hapo anakuhatarishia afya. Ozoni na UV huua kinachopita mbele yake tu, haviachi kinga ndani ya mabomba. Bakteria wa Legionella hustawi kati ya nyuzi 20 na 45, na jakuzi huwa kati ya 37 na 40. Sumaku ya kufunga kwenye bomba haipunguzi ugumu wa maji. Pima kabla na baada, namba ni ile ile.

Vipimo vinavyokuhusu unavifanya mwenyewe kwa seti ya matone: pH iwe 7.2 hadi 7.8, ualkali wa jumla 80 hadi 120, ugumu wa kalisi 150 hadi 250, vyote viwili kwa miligramu kwa lita. Karatasi za kuchovya zinatosha kwa ukaguzi wa haraka, lakini kwa ugumu wa maji zinakisia mno.

Maji ya kisima yapime madini kwanza. Jaza ndoo nyeupe, tia klorini ya chembechembe kiasi cha kushika kwa vidole viwili, koroga, acha mpaka kesho yake. Yakigeuka kahawia kuna chuma. Yakiwa meusi au zambarau, kuna manganizi. Hapo jazia kupitia filta ya kufunga kwenye mpira wa maji, na weka dawa ya kushika madini kabla ya klorini. Ukitanguliza klorini, chuma kinageuka kutu na kuganda ukutani.

Jakuzi ikijaa, washa pampu urekebishe kwa mpangilio: ualkali, pH, kalisi, kisha klorini. Kupandisha ualkali kwa 10 katika lita 1,000 kunahitaji gramu 17 za soda ya kuokea. Isiwe magadi, hayo huirusha pH juu, wala hamira ya unga. Klorini ya chembechembe iitwayo daiklo, ya asilimia 56, ni gramu 1.8 kwa lita 1,000 kwa kila miligramu moja kwa lita unayotaka kuongeza. Usiruhusu klorini ishuke chini ya miligramu 3 kwa lita. Vidonge vya traiklo, aina nyingine ya klorini, viache, vina asidi kali. Siku zote tia dawa kwenye maji, usimwage maji juu ya dawa, na usichanganye aina mbili za klorini.

Kwa waliokwisha kufungiwa mashine ya kulainisha: si lazima kuing'oa. Fungua vali inayopitisha maji pembeni ya mashine wakati wa kujaza, au tumia bomba la nje ambalo halijaunganishwa nayo. Ikiwa jakuzi imeshajaa maji laini, kalisi kloridi ya chembe (dihaidreti) gramu 15 kwa lita 1,000 hupandisha ugumu kwa 10. Kwa lita 1,200 kutoka sifuri hadi 150 ni kama gramu 265. Iyeyushe kwenye ndoo kidogo kidogo, kwa sababu hupata moto, umwage mafungu matatu huku pampu ikizunguka, na upime tena baada ya saa chache.