Mita ya stima ya bei poa kwenye boti ya tanga, uzoefu wangu na Yanmar iliyokuwa inagoma kuwaka

Mita ninayoizungumzia ni ile ya kawaida kabisa ya dijitali, ya manjano, ina waya mbili nyekundu na nyeusi, inapima volti, omu, ina ule mlio wa kujua waya umekatika ama la, na tundu la ampea mwisho 10. Nimeinunua Mombasa mjini chini ya elfu 2, jina sitaji kwa sababu mita ni ile ile kila duka lina jina lake. Kazi yake kubwa imekuwa kwenye boti ya tanga ninayoiangalia hapa Kilifi krik, injini ni Yanmar 2GM20, dizeli ndogo ya silinda mbili, stima yake ni volti 12.

Shida ilikuwa hivi, unabonyeza kitufe cha stata (ile mota inayozungusha injini ili iwake) siku nyingine inazunguka vizuri inawaka, siku nyingine inagonga tak! moja tu halafu kimya, unabonyeza tena na tena mpaka inashika yenyewe. Sasa ukiwa umefunga kwenye boya si neno, lakini uwe unaingia mlangoni mwa krik maji yanatoka, upepo umekufa, na miamba unaiona pale, hiyo tak moja utaichukia maisha. Fundi wa kwanza akasema stata imekwisha nunua nyingine, na stata mpya ya Yanmar jamani si pesa ya mchezo. Wa pili akasema betri. Betri yenyewe ilikuwa haijamaliza hata msimu mmoja.

Mita ndio ikamaliza ubishi. Betri ikiwa imelala ilisoma 12.7, yaani imejaa (nusu huwa kama 12.2). Lakini wengi wanakosea hapo, wanaona 12 na kitu wanafunika boksi wanasema betri nzima. Betri iliyochoka inaweza kukusomea 12.6 ikiwa imepumzika, ukiipa mzigo inaanguka mpaka 8. Kwa hiyo unapima wakati mwenzako amebonyeza stata, na ncha unazigusisha kwenye nguzo zenyewe za betri, sio kwenye kile kibanio. Yetu stata ikizunguka ilikuwa inashuka kwenye 10 na kitu, hiyo ni sawa. Ile tak ikitokea, betri inabaki 12.5. Ona hapo sasa, betri haijashuka maana yake stata haijala moto (stima) wowote, moto umekwama kabla ya kufika.

Nikaweka ncha nyeusi kwenye chuma cha injini, nyekundu kwenye ule mguu mdogo wa solenoidi (swichi ya stima iliyo juu ya stata, inayoipitishia moto), unaoingia waya mwembamba. Kijana akabonyeza, mita ikasoma 8.9. Betri ina 12.5, solenoidi inapata 8.9! Na solenoidi ikipata kidogo hivyo inajivuta inagonga lakini haina nguvu ya kubana vizuri ule mguso wa ndani unaopitisha moto mkubwa.

Wenye hizi Yanmar za GM mtaelewa, waya unatoka kule injini unaenda mpaka kwenye paneli pale nyuma kwa usukani, unapita swichi ya funguo, unapita kitufe, halafu unarudi njia yote mpaka kwenye solenoidi, na katikati kuna ile plagi ya nyaya nyingi inayokaa karibu na injini inakula joto na mvuke wa chumvi. Kila mahali panachukua volti yake. Nikaanza kupima kipande kwa kipande, ncha moja upande huu wa plagi nyingine upande wa pili, kitufe kimebonyezwa, na pale kwenye plagi peke yake zilikuwa zinapotea karibu volti 2. Kuifungua, pini kijani tupu.

Na ile plagi nilishaipima mapema kwa mlio, ikalia tiii safi kabisa! Mlio unatumia moto mdogo sana, hata unyuzi mmoja wa shaba ukibaki utalia, lakini ukiuambia ubebe moto wa solenoidi hauwezi. Kwa kazi ya stata mimi mlio siuamini tena, napima volti mzigo ukiwepo basi.

Tukasafisha pini, tukaweka na rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa stima kidogo) karibu na injini, waya wa kitufe sasa unaamsha rilei tu, na solenoidi inapata moto wake kwa waya mnene mfupi kutoka kwenye mguu mkubwa wa stata, na fyuzi yake. Solenoidi inasoma 12 karibu kamili na tak haijarudi. Stata ni ile ile ya zamani. Upande wa negativu pia pimeni, nguzo ya betri mpaka chuma cha injini huku stata inazunguka, yetu ilikuwa 0.2, ikizidi nusu volti kagua waya mnene na mahali ulipofungwa.

Kabla hujaanza, gia iwe nyutro, mikono mbali na mkanda, na kama unazungusha sana bila kuwaka funga valvu ya maji ya bahari, pampu inaendelea kuvuta na mafla ya ekzosi inajaa mpaka maji yanarudi kwenye silinda, hapo umeharibu injini nzima kwa sababu ya kitufe. Ikiwaka tu ifungue hapo hapo.

Ubaya wa mita sasa. Kioo juani hakionekani, inabidi uifunike na shati. Namba zinabadilika polepole, stata ikizunguka kidogo tu haiwahi kushika. Nyaya ngumu, ncha zinateleza, nunua pembeni vile vibanio vya meno la sivyo utahitaji mkono wa tatu. Betri yake ya volti 9 ikichoka inadanganya, inasoma juu kuliko ukweli, na nyingine hata alama ya betri kuisha haziwashi. Chumvi haiwezi, naiweka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko. Na lile tundu la ampea 10 msithubutu kulipeleka kwenye stata, stata inakula ampea zaidi ya mia, ukitaka kupima hiyo tafuta mita ya kubana waya, na uulize dukani kama inapima DC (stima ya betri) maana nyingi ni za AC (stima ya nyumbani) tu.

Mimi mita naipa nyota 4. Ile ya tano imeondoka na zile nyaya, rangi ya ncha nyekundu imeshaanza kubanduka.