Apple Watch SE kwa mazoezi ya kutembea: kilomita zake ni za kweli?

Kwa mtu anayetembea kilomita tatu nne kila asubuhi, Apple Watch SE ya kizazi cha 2, ile iliyotoka mwaka 2022, inatosha kabisa. Haina ECG (kipimo cha umeme wa moyo) wala kipimo cha oksijeni ya damu, na kioo chake hujizima ukishusha mkono, lakini GPS, inayojua ulipo kwa setilaiti, imo na kihisi cha mapigo ya moyo kimo. Hivyo ndivyo vinavyohitajika zaidi kupima matembezi. Wengi hulalamika kwamba umbali wake si sahihi. Mara nyingi saa haina kosa: imetolewa kwenye boksi ikavaliwa siku hiyohiyo, bila kufundishwa hatua za mwenyewe.

Ikikosa GPS, saa hutegemea mbembeo wa mkono kuhesabu hatua, kisha hukisia urefu wa kila hatua. Ikikisia sentimita 75 wakati hatua yako ni 70, kwenye hatua 6,000 imeshakuzidishia mita 300. Kwa hiyo anza na programu ya Watch kwenye iPhone, ingia Health, kisha Health Details, uhakikishe kimo, uzito, umri na jinsia ni vyako wewe. Uzito wa zamani huharibu hesabu ya kalori hata kama umbali uko sawa.

Kisha nenda Settings za iPhone: Privacy & Security, Location Services, System Services, uwashe Motion Calibration & Distance. Tafuta mahali tambarare penye anga wazi, fungua programu ya Workout kwenye saa, gusa Outdoor Walk (kutembea nje), utembee mwendo wako wa kawaida kwa dakika 20. Usipoweza kwa mkupuo mmoja, gawanya siku mbili tatu hadi zitimie. Kama kuna siku unatembea taratibu na siku unakaza mwendo, kila mwendo upewe dakika zake 20, kwa sababu hatua hurefuka kadiri unavyoongeza kasi.

Unataka kuipima? Nenda uwanja wa riadha wenye mzunguko wa mita 400. Mizunguko 5 kwenye njia ya 1, ile ya ndani kabisa, ni kilomita 2 kamili. Angalia usije ukahamia njia ya 2 kuwapisha wanaokimbia: huko mzunguko ni kama mita 407, na mitano inakuwa mita 2,035. Saa ikikusomea kilomita 2.03 hapo, iko sawa kabisa.

Mahali pa kutembea pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, au kati ya majengo marefu ya katikati ya Nairobi, mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kabla ya kufika mkononi. Fungua ramani ya matembezi kwenye programu ya Fitness ya iPhone baadaye: utaona mstari umepinda kama nyoka na kukatiza ndani ya nyumba za watu, na kila kona ya uongo huongeza mita. SE haina GPS inayopokea mawimbi ya aina mbili (dual-frequency) kama Apple Watch Ultra, kwa hiyo anzia mazoezi penye uwazi, usubiri kidogo kabla ya kuingia uchochoroni.

Mkono nao. Ukisukuma kigari cha mtoto, ukibeba kapu au ukitumbukiza mkono mfukoni, mbembeo unakufa na hatua zinapotea. Hapo usitegemee saa ijihesabie yenyewe. Washa Outdoor Walk, ili ipate umbali kwa GPS na juhudi kwa mapigo ya moyo. Ukiwa na mzigo, ubebe kwa mkono usio na saa. Kwenye mashine ya kutembelea chagua Indoor Walk (kutembea ndani), na usishike vyuma vya pembeni.

Mkanda ndio unaosahaulika zaidi. Geuza saa uangalie mgongoni: taa za kijani zinasoma damu inavyopita chini ya ngozi. Mkanda ukilegea, saa inacheza na mwanga wa nje unaingia, na kihisi kinaweza kushika mdundo wa hatua badala ya moyo. Dalili yake ni hii: unapiga hatua 115 kwa dakika, na mapigo nayo yameng'ang'ania 115 au karibu na hapo, hata ukipanda mlima. Kaza mkanda tundu moja kabla ya kutoka, vaa juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, ulegeze ukirudi. Futa jasho na mafuta ya kujipaka. Mchoro mzito wa tatuu nao huzuia mwanga. Hamia mkono wa pili.

Anayetumia Android asinunue, haiungani na simu yake. Na ukirithi saa ya ndugu au kununua iliyotumika, hakikisha kwanza imeondolewa kwenye akaunti ya mmiliki wa awali. Ikiwa bado ina vipimo vya hatua za zamani, ingia Watch, Privacy, uguse Reset Fitness Calibration Data, kisha uanze upya zile dakika 20.