Kupima picha kamili ya damu Mwanjelwa: uzoefu wangu na mama

Baridi ya Juni ya hapa Mbeya na mafua ni pete na kidole, ila safari hii mama alikohoa mpaka hamu ya ugali ikamwisha, na usiku joto likapanda. Jirani alishamletea azuma, ile antibiotiki ya kuua bakteria, kutoka duka la dawa. Nikamwomba mama apimwe kwanza.

Tulikwenda maabara binafsi karibu na soko la Mwanjelwa. Malaria hakuwa nayo. Wakachukua damu ya FBP, yaani picha kamili ya damu, pamoja na CRP, protini inayopanda kwenye damu mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi. Kijana aliyemtoa damu alimwamkia kwa adabu, akamwambia, "Mama, nakuchoma mara moja tu," na kweli mshipa aliupata pale pale. Majibu tukayapata kabla ya adhuhuri.

Karatasi yenyewe ilinitisha: namba tupu na herufi H (imezidi) na L (imepungua), maelezo hakuna. Limfosaiti, aina mojawapo ya seli nyeupe za kinga, zilisoma 0.8, na kwa mtu mzima kawaida huanzia 1.0 hadi 4.0. Seli nyeupe kwa jumla zilikuwa sawa. CRP ilikuwa 14, imepanda kidogo.

Daktari ndiye aliyeipa karatasi maana. Alisema virusi vya mafua makali, na vya UVIKO-19 pia, mara nyingi hushusha limfosaiti kwa muda. Nyingine hufa, nyingine hutoka kwenye damu kwenda mapafuni na kwenye matezi. Nimonia ya bakteria kwa kawaida hupandisha nyutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe, na CRP huweza kupita hata 100. Nilichompendea zaidi ni kwamba hakuiamini karatasi peke yake. Picha ya damu haitaji jina la kirusi, hiyo ni kazi ya kipimo cha puani. Alisikiliza kifua, akapima oksijeni kidoleni, ndipo akasema azuma haihitajiki kwa sasa, na kwamba mama akianza kuhema kwa shida tusingoje kukuche.

Mama aliporudia kipimo baada ya kupona, limfosaiti zilikuwa 1.7. Mama alifurahi kuliko mimi.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano itakuja siku watakapotaja bei ya CRP kabla ya kutoa damu, maana sisi tuliijulia dirishani wakati wa kulipa, na watakapoandika japo mistari miwili ya Kiswahili chini ya zile namba.